Jogoo wa Shukrani kwa Baba Mdogo

Ndugu wakulima wa mpunga, waendesha bodaboda, mama lishe, wastaafu, na ninyi nyote mnaosoma gazeti hili kwa kuazima: kwa heshima na taadhima natangaza rasmi kwamba haki imetendeka Ifakara. Mkubwa ametoa, mdogo amepokea, na bonde zima limepiga makofi.

Tangazo la haki hiyo lilisikika mtaa mzima wa Viwanja Sitini Jumapili mchana, kwa spika mbili kubwa. Halikuwa na neno hata moja la kweli. Najua, kwa sababu nililitunga mimi, nikiwa nimekalia ndoo nyuma ya choo chetu.

Kwa waliokosa gazeti la wiki iliyopita: jina langu Kelestini, niko kidato cha tano, shule ya bweni ya mapadre. Nilirudishwa nyumbani wiki mbili kwa kosa la kuiga sauti ya Padre Gombera kwenye kipaza sauti na kuwapa wanafunzi mapumziko ya siku tatu. Watu mia nne walishafunga masanduku kabla Gombera mwenyewe hajatoka kuoga.

Mama yangu, Yosefina, ni muuguzi wa zahanati ya serikali. Hakunipiga. Alisema tu, "Kipaji unacho, mwanangu. Akili itakuja baadaye." Bado tunaisubiri.

Sasa twende ukumbini, Jumamosi, kwenye sherehe ya baba mdogo.

Baba mdogo Obadia amemwoa mama mdogo Dorotea, mdogo wake mama. Ni meneja mkuu wa Punje Njema, kampuni ya kukoboa mpunga. Ndiye anayenilipia ada. Kwa hiyo tulikwenda wote, tumeoga, tumenyoosha nguo, na Dada Digna tukambeba.

Huyu Digna ni muuguzi kamili, amesoma, ana cheti, anasubiri ajira ya serikali. Tangu mwaka jana anafanya kazi na mama pale zahanati kwa kujitolea. Maana yake anapokea shukrani, hapokei mshahara. Anakula kwetu, analala chumba cha uani kwa Mama Sada, na kila mwisho wa mwezi anaomba radhi ya kodi kwa maneno mapya. Wiki ile alikuwa amepata kazi ya kulipwa kwenye zahanati ya mtu binafsi kule Mchombe. Mwenye zahanati hiyo alitaka jibu kabla ya Jumapili jioni.

"Nikienda, utabaki peke yako, Sista," alimwambia mama.

"Nenda, mwanangu. Mimi nilikuwa peke yangu kabla hujazaliwa."

Lakini niliona mama alivyosema hivyo huku akikunja kitenge ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Ukumbini, mwenyekiti wa bodi aliyetoka Dar es Salaam akasimama. Nje kulikuwa na gari jeupe jipya, limefungwa utepe mwekundu kwenye boneti kama bibi harusi. Hilo lilikuwa la baba mdogo. Na zaidi ya gari, bonasi ya fedha ambayo mama angeifikia kwa mshahara wake wa miaka sita, kama hali wala havai.

Tulipiga makofi. Baba mdogo ni wetu. Mama alipiga vigelegele hadi MC akamwomba kipaza sauti chake kipumzike.

"Meneja wetu," mwenyekiti akasema, "amefanya jambo ambalo wengi walishindwa. Gharama za matibabu ya wafanyakazi ameziondoa zote. Asilimia mia moja!"

Mama akaanza kigelegele kingine. Kikakatika katikati, kama umeme wa Ifakara.

Nilimwona anamgeukia Digna. Digna alikuwa anatazama meza.

Maana mwaka jana kampuni ilikuwa na zahanati yake ndogo kiwandani. Ikafungwa. Baba mdogo alikuja sebuleni kwetu, akala wali, akasema, "Shemeji, wafanyakazi wangu sasa watakuja kwako. Lakini sitakuachia mzigo. Nitakuletea muuguzi mmoja, na nitamlipa mimi." Muuguzi akaja, ndiye Digna. Malipo hayajaja hadi leo.

Kumbe yamekuja. Yamekuja yamefungwa utepe.

Mama alinyanyuka kabla keki haijakatwa.

Baba mdogo alitufuata nyumbani kabla jua halijazama, ameshika boksi la keki.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, Kele. Shemeji, umeondoka hata hujaonja."

"Keki nimeiona," mama akasema. "Ilikuwa na jina lako. Hebu kaa. Zile gharama ulizoziondoa, zimekwenda wapi?"

"Zimeokolewa, shemeji."

"Hazijaokolewa. Zimehamia kwangu. Wabeba magunia wako wanakuja macho yamejaa vumbi la pumba, wanakohoa mpaka benchi linatembea. Nawahudumia mimi na Digna. Mimi nalipwa na serikali. Digna analipwa na nani?"

"Bajeti ilibana."

"Ilibana wapi? Gari nimeliona."

Baba mdogo akaweka boksi chini. Sura yake ikawa ya kazini.

"Nisikilize, dada yangu. Nilipofika, kiwanda kile kilikuwa kinakufa. Wakulima walikuwa wanauza mpunga shambani kwa bei ya kutupa. Leo mashine zinanguruma na watu wanakula. Mwenye mali ananilipa kwa matokeo. Mwakani nikishindwa atanifukuza asubuhi, sina pensheni. Wewe nani atakufukuza?"

"Matokeo yangu mimi yanapumua, Obadia. Yanalia, yananyonya. Hakuna aliyeyafunga utepe."

"Basi walaumu waliokuajiri."

"Hao nitawalaumu kwa wakati wao. Wewe nakulaumu kwa ahadi. Uliitoa umekaa kwenye kiti hicho hicho."

Baba mdogo akatazama saa ya ukutani atafute sababu ya kuaga. Haikumsaidia. Saa ile mama alizawadiwa Mei Mosi, kwa kuwa mfanyakazi hodari wa mwaka. Iliacha kutembea kabla ya Juni.

Alipoondoka, mama alikata keki akampa Digna kipande. Digna akakila chote, taratibu, kama mtu anayemeza dawa.

Wasomaji wangu, mimi naweza kuvumilia mengi. Nimevumilia maharage ya bweni yenye wakazi. Lakini yule mtu nilikuwa namsifia bwenini. Nilikuwa nawaambia wenzangu, "Baba mdogo wangu akisema, kimesemwa." Usiku ule sikumwonea hasira kama mtu mbaya. Nilimwonea hasira kama mtu wangu.

Jumapili asubuhi nikaugua tumbo kwa ghafla, ugonjwa unaojulikana kwa kuja kabla ya misa na kupona baada ya baraka. Mama na Digna wakaenda kanisani. Mimi nikachukua simu, nikaenda nyuma ya choo, nikarekodi kwa sauti ya baba mdogo, ile nzito inayotokea tumboni na kupumzika katikati ya maneno:

"Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu wa Ifakara. Mimi ni Obadia, meneja mkuu wa Punje Njema. Nimepewa bonasi kubwa. Nimelala, usingizi umekataa. Bonasi hii imetokana na jasho la wauguzi wa zahanati yetu wanaowatibu wafanyakazi wangu. Kwa hiyo, kuanzia mwezi huu, Digna nitamlipa mshahara kamili kutoka mfukoni mwangu, pamoja na malimbikizo ya mwaka mzima. Asanteni kwa kunisikiliza."

Nikamtumia Beno, mwenye bajaji ya matangazo, pamoja na hela yangu ya sabuni.

Beno akapiga simu. "Dogo, mzee kapata ugonjwa gani?"

"Dhamiri."

"Inaambukiza?"

"Kwa mameneja, mara chache sana."

"Haya. Naizungusha watu wakitoka makanisani."

Hesabu yangu ilikuwa hii. Mtu akisemwa vibaya, atakana. Lakini akishukuriwa mbele ya mji mzima, atakana kwa mdomo gani? Nilimtega kwa asante.

Na asante ilikwenda. Mchana ule wabeba magunia, wake zao, na akina mama waliojifungulia mikononi mwa Digna walikusanyika bila kuitwa. Mtu akaleta ngoma. Mtu akaleta khanga. Bibi mmoja mwenye mguu mbovu akaleta jogoo mkubwa mwekundu, akamshika mabawa, akaongoza njia. Mimi nilikuwa katikati, naimba kuliko wote.

Baba mdogo alikuwa nje ya geti, anafuta gari jipya kwa kitambaa laini. Akaona kundi. Akasikia wimbo una jina lake. Bibi akamkabidhi jogoo.

"Mungu akuzidishie, baba. Umemkumbuka binti yetu. Tumesikia tangazo lako."

Nikasubiri aanguke. Nilikuwa nimeshachagua na mahali pa kusimama ili nione vizuri.

Alimeza mate mara moja. Kisha akamkumbatia jogoo, akainua mkono.

"Ndugu zangu," akasema kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuusikia hata kwa Papa, "nilitaka liwe siri."

Wakalia kwa furaha. Wakamvisha khanga. Wakampiga picha na jogoo, zikaingia kwenye makundi yote ya WhatsApp ya wilaya.

"Malipo yataanza," akaongeza, "mara bodi ikishakaa."

Hakuna aliyeisikia ile sentensi ya mwisho, kwa sababu ngoma ilikuwa imeanza. Mimi niliisikia.

Watu walipotawanyika, akaniita nyuma ya gari. Aliniwekea mkono begani, ule mkono wa siku zote.

"Una sauti nzuri, Kele."

Nikajifanya natazama tairi.

"Mwenyekiti amenipigia. Picha zimemfikia. Amesema mimi ni sura ya kampuni. Umenisaidia kuliko hata wewe unavyojua."

"Basi utamlipa Dada Digna?"

"Hakuna bodi inayokaa kwa ajili ya muuguzi mmoja, mwanangu. Watu watasahau. Mpunga ukianza kuvunwa hakuna atakayeuliza." Akanifinya bega kidogo, kwa upendo. "Wewe nyamaza, na mimi ninyamaze. Ada ya muhula ujao iko tayari. Ungependa mama yako ailipe kwa mshahara ule?"

Halafu akaniletea soda baridi. Nikainywa. Naandika hili kwa masikitiko: ilikuwa tamu.

Nilitembea kurudi nyumbani nikijiambia kwamba mambo si mabaya. Digna atakwenda Mchombe, atalipwa huko. Baba mdogo atabaki na jogoo. Mimi nitabaki na shule. Hakuna aliyeumia.

Nikafungua mlango. Digna alikuwa anacheza sebuleni, peke yake, bila muziki.

"Kele! Nimempigia yule bwana wa Mchombe. Nimemwambia asante, sitakuja. Nabaki na Sista!"

"Umempigia lini?"

"Sasa hivi. Amesema anamwita mwingine aliyekuwa anafuata."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Hukusubiri hata hela uione?"

"Mtu ametangaza mji mzima, Kele! Angetangaza uongo?"

Mama alikuwa jikoni na kambale mkubwa kwenye sufuria. Alikuwa amefunga kitenge chake kizuri. "Osha sahani," akaniambia. "Nimewaalika baba yako mdogo na mama yako mdogo. Nilimsema vibaya yule mtu jana. Lazima nimwombe radhi."

Ningeweza kusema pale pale. Sabuni ilikuwa mkononi, mama alikuwa amenipa mgongo, hapakuwa na mtu mwingine. Nikaosha sahani. Sijawahi kuosha sahani safi vile.

Walikuja jua likianza kulegea. Mama mdogo Dorotea alicheka tangu getini, yeye hucheka kabla ya kujua sababu. Baba mdogo alikuwa bado na khanga ya shukrani shingoni.

Mama alimwekea kipande cha katikati, kile kinono. Kisha akasimama mbele yake, mama yangu, mkubwa wake kwa umri, akapiga goti kidogo.

"Shemeji, jana nilikuvunjia heshima. Nilidhani umetusahau. Nisamehe."

"Aa, shemeji, yamekwisha," baba mdogo akasema, na akatia wali mdomoni.

Nikarudisha tonge sahanini. Angeweza kumzuia asipige goti. Kuinua mkono tu. Na mimi ningeweza pia.

Mama mdogo akacheka. "Dada, huyu mtu kabadilika mpaka dini! Nimekaa naye miaka yote, Mlutheri wa Njombe, hata simu ya usiku anapokea na 'Bwana Yesu asifiwe'. Leo nasikia kwenye spika anaanza na 'Tumsifu Yesu Kristo'. Nikasema, eti, nimelala na Mkatoliki?"

Digna akacheka. Baba mdogo akacheka. Mama naye akaanza kucheka, kisha akaacha.

Mji mzima ulikuwa umeitikia "Milele, amina" ukaendelea na safari, maana hapa kwetu salamu ni hiyo. Na mimi miaka mitano ya kwa mapadre imenifanya nisiweze hata kuomba chumvi bila kuanza nayo. Sikuisikia nilipoisema. Mama ndiye anayeisikia kila siku, kila nikiingia mlangoni.

"Niliwaheshimu wenyeji tu," baba mdogo akasema, haraka. "Ifakara ni ya Wakatoliki."

"Ni vizuri," mama akasema polepole. "Basi Digna aje ofisini lini? Kesho?"

"Bodi ikishakaa, shemeji."

"Kwenye spika ulisema mfukoni mwako. Mfuko wako nao una bodi?"

Mama mdogo akaacha kucheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Kelestini," mama akasema.

Jina zima. Siku ya ubatizo na siku ya hukumu ndizo siku ninazoitwa jina zima.

"Naam, mama."

"Hebu rudia lile tangazo. Nilikuwa mbali, sikulisikia vizuri."

"Mimi?"

"Wewe. Kwa sauti ile ile."

Chini ya meza kiatu cha baba mdogo kikakanyaga kidole changu, taratibu, kikabaki hapo. Hakunitazama. Alikuwa anachambua mwiba wa samaki.

Digna alinitazama, bado anatabasamu, hajui. Nje bado kulikuwa na mwanga. Nikafikiri: yule mwingine wa Mchombe huenda hajafunga mzigo. Nikinyamaza, Digna anakosa huku na kule. Nikisema, mama anabaki peke yake na wale wakohozi, na mimi Januari nitakuwa hapa hapa nachunga ndoo.

Nikafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa yangu, nyembamba kuliko nilivyoikumbuka.

"Dada Digna, hakuna mshahara. Hakusema yeye. Nilisema mimi, nyuma ya choo, mlipokuwa misani. Mpigie yule bwana. Mpigie sasa hivi."

Mama mdogo akasema, "Yesu wangu."

Digna hakulia. Alisukuma sahani, akapangusa mkono kwenye sketi, akachukua simu. Wote tulisikia inaita kule Mchombe.

"Kele ni mtoto wa utani," baba mdogo akaanza, "ninyi mnamjua, na mimi kwa moyo mzuri nikaona nisimwaibishe..."

"Nyamaza, Obadia." Mama hakupandisha sauti. Macho yake yalikuwa kwangu. "Ulijua lini kwamba hatatoa?"

"Mchana, mama. Aliniambia mwenyewe, nyuma ya gari."

"Kwa hiyo nilipokuwa napiga goti hapa, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Simu iliendelea kuita.

"Alikupa nini unyamaze?"

Kiatu kikabana. Nikautoa mguu.

"Ada ya muhula ujao," nikasema. "Na mimi nilipokea bonasi, mama."

Upande wa pili wa simu mtu akapokea.